Mambo ya Nyumbani: Kompyuta yachelewa. Je, tununue nyingine?

Baba mmoja wa Katuba ametuandikia barua, na kwa kuwa shida yake twaiona katika nyumba nyingi za Lubumbashi, twaijibu hapa mbele ya wasomaji wote. Nyumbani kwake mna kompyuta ya mezani, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Binti yake mkubwa asoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, naye yu katika kuandika kitabu cha kumalizia masomo. Kila anapofungua maandishi yake pamoja na kurasa mbili tatu za intaneti, mashine yakwama. Taa ndogo ya diski yawaka bila kupumzika, herufi zachelewa kutokea kiooni, na umeme ukikatika wakati huo, kazi ya asubuhi nzima yapotea. Muuzaji mmoja amemwambia kwamba mashine hiyo imekufa, haina dawa, na yafaa anunue nyingine. Fedha ya kununulia nyingine ipo, lakini ndiyo ile iliyowekwa kwa ajili ya masomo ya watoto wadogo mwezi wa tisa. Mama wa nyumba hataki iguswe. Baba atuuliza: kati yetu wawili, nani mwenye haki?

Twajibu bila kuzunguka: Mama ana haki, walau mpaka mashine ifunguliwe na kutazamwa.

Watu wa kwetu, kwa Kifaransa cha shuleni, kitabu cha kumalizia masomo hukiita mémoire; na ile sehemu ya mashine tutakayoizungumza leo nayo yaitwa mémoire. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Katuba mémoire moja yazuiwa na nyingine. Tutasema kumbukumbu, ili tusichanganyikiwe.

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuweka mambo, na watu wengi hupachanganya, hata baadhi ya wauzaji. Mahali pa kwanza ni diski. Humo hukaa maandishi, picha za arusi, nyimbo za kwaya na programu zote, nazo zabaki hata mashine ikizimwa mwezi mzima. Mahali pa pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Humo huwekwa tu yale yanayoshughulikiwa sasa hivi, na umeme ukikatika yote hufutika mara moja.

Mfikirie fundi cherehani. Kabati yake yenye majora ndiyo diski. Meza yake ya kukatia ndiyo RAM. Kabati iwe kubwa namna gani, ikiwa meza ni ndogo kama kigoda hawezi kutandaza suruali na koti pamoja. Hana budi kukunja suruali na kuirudisha kabatini, atoe koti, akate mkono mmoja, akunje tena. Siku nzima apita akitembea kati ya meza na kabati, na wateja wasema fundi huyu ni mvivu. Mvivu siye, meza ndiyo ndogo. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, mashine huhamisha sehemu ya kazi na kuiweka kwenye diski, kisha huirudisha inapotakiwa. Diski za zamani, zenye sahani inayozunguka, ni za polepole mno kwa kazi hiyo, na ndiyo maana taa ile haipumziki.

Wazee wa Kiluba wataelewa tofauti hii upesi. Katika nchi ya Baluba, watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi uliopambwa kwa shanga na simbi. Aliyefundishwa aligusa shanga hizo kwa kidole, akasimulia habari za wafalme, safari zao na mahali pao patakatifu. Ubao ulitunza habari hata msimuliaji akilala usingizi: huo ni mfano wa diski. Yale aliyokuwa nayo kichwani na ulimini katika saa ile ya kusimulia, hayo ni mfano wa RAM. Tena, kumbukumbu za kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilifanana na shanga kweli kweli. Zilikuwa pete ndogo sana zenye chuma ndani yake, zikitungwa kwa mkono katika nyuzi za waya, na mara nyingi watungaji walikuwa wanawake. Pete moja ilishika alama moja tu: ndiyo au siyo.

Mwaka 1968 mhandisi mmoja wa IBM huko Marekani, Robert Dennard, aliyefariki mwaka 2024, alipewa hati ya uvumbuzi wa namna nyingine. Badala ya pete aliweka kijichombo kidogo cha kutunza umeme, pamoja na kijilango kimoja cha kuufungulia na kuufungia. Kijichombo hicho huvuja kama mtungi wenye ufa. Kwa hiyo mashine hukijaza upya mara nyingi katika kila sekunde. Ndiyo sababu umeme ukikatika kila kitu hupotea: hakuna tena anayejaza mitungi. Kumbukumbu za kompyuta zetu za leo zafuata uvumbuzi ule, ila bareti moja ya gigabaiti 8 ina vijichombo karibu bilioni 69.

Bareti ndilo jina ambalo mafundi wa mjini kwetu huitumia kwa ubao wenyewe, nasi hatuoni sababu ya kutafuta jingine. Ni ubao mwembamba wenye urefu wa sentimita 13 na kidogo, umebeba vipande vyeusi vya kumbukumbu, na upande mmoja una safu ya meno yaliyopakwa dhahabu kidogo sana. Njia za umeme zilizomo ndani yake ni za shaba. Shaba hutoka kwetu kwa malori yapitayo Kasumbalesa, na bareti huingia kwa mpaka ule ule. Lakini bei ya kilo inayotoka na bei ya kilo inayorudi hazijuani. Neno hilo tuliache kwa siku nyingine.

Sasa turudi Katuba. Kabla ya kutoa hata faranga moja, yafaa kupima. Kipimo kimo ndani ya mashine yenyewe na hakidai malipo. Binti afungue yote anayoyatumia katika siku ya kazi: maandishi yake, kurasa zake za intaneti, vitabu anavyovisoma kiooni. Kisha abonyeze kwa pamoja vibonye vitatu: Ctrl, Maj na Échap. Kitatokea kidirisha, achague sehemu ya Performance, halafu Mémoire. Hapo ataona ni gigabaiti ngapi zilizomo, na ni sehemu gani kati ya mia inayotumika. Asishangae kuona kipimo kimeandikwa Go. Ndivyo Wafaransa wanavyoandika gigabaiti. Kama sehemu inayotumika yapita 85 au 90 kati ya mia, na diski nayo yahangaika, basi meza ya fundi ni ndogo, na bareti ni dawa. Kama kumbukumbu haijafika hata nusu, na bado mashine yachelewa, bareti haitasaidia kitu. Mwenye kununua bareti pasipo kupima hivi ni kama mwenye kumeza dawa ya malaria kwa maumivu ya jino.

Hapo hapo pameandikwa pia ni mifereji mingapi ya bareti iliyopo, na mingapi iliyo na bareti tayari. Kompyuta nyingi za mezani huwa na miwili au minne. Ukiwapo mfereji mtupu, habari ni njema, kwa kuwa bareti mpya itaongezwa na ile ya kwanza itabaki. Mifereji ikijaa yote, hapana budi kutoa bareti ndogo na kuweka kubwa.

Neno jingine la kutazama, katika ukurasa unaoeleza habari za mashine, ni kama programu kuu ni ya biti 32 au ya biti 64. Ile ya biti 32, katika kompyuta za nyumbani, haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiijazia kumbukumbu hadi ukingoni. Wengine wamenunua bareti ya pili, wakaipachika vizuri, kisha wakaona mashine yaisahau nusu yake. Wakamlaumu muuzaji, na kumbe kosa si lake. Programu kuu ikibadilishwa iwe ya biti 64, kumbukumbu yote itaonekana, ikiwa mashine yenyewe yakubali.

Je, kiasi gani chatosha? Kwa mwanafunzi aandikaye na kusoma katika intaneti, gigabaiti 4 ni kufunga mkanda. Gigabaiti 8 zatosha. Gigabaiti 16 zamfaa yule anayechora mipango ya majengo, anayetengeneza video, au mwenye hesabu kubwa za migodi. Jirani akikuambia 32, mwulize kwa upole ni nani atakayelipa.

Twaja sasa kwenye aina, na hapa twaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu fedha nyingi za nyumba hupotea hapa. Bareti si zote ndugu. Kila baada ya miaka kadhaa viwanda hubadili umbo: DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kanuni ya DDR5 ilitangazwa mwaka 2020. Meno ya DDR3 ni 240, ya DDR4 ni 288. DDR5 nayo ina meno 288, lakini usidanganyike, maana pengo lililo kati ya meno limewekwa mahali pengine. Pengo hilo liliwekwa kusudi, ili bareti ya aina moja isiingie katika mfereji wa aina nyingine. Umeme wao nao si mmoja: DDR3 ya kawaida hutaka volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na zilizotengenezwa kati ya mwaka 2010 na 2014 mara nyingi huwa za DDR3; za miaka iliyofuata, DDR4. Lakini asitegemee kukisia. Aichomoe bareti iliyomo, aiende nayo dukani imefungwa vizuri, aseme: nataka ndugu wa huyu. Maandishi yaliyo juu yake yana habari zote, na muuzaji mwema atayasoma.

Iko mitego mitatu ambayo twaifahamu. Wa kwanza ni bareti fupi, nusu ya urefu ule, ambazo ni za kompyuta za kubeba. Hazifai katika sanduku kubwa la mezani, ingawa visanduku vingine vidogo sana vya mezani huzitumia; ndiyo sababu twasema bareti ya zamani iende dukani. Wa pili ni bareti zilizotolewa katika mashine kubwa za makampuni, zile zinazohudumia watu mamia kwa pamoja. Hizo huuzwa kwa bei rahisi ya kuvutia, umbo lao karibu ni lile lile, lakini kompyuta ya nyumbani huzikataa. Juu ya kibandiko chao huonekana herufi R baada ya tarakimu za kasi, kama vile 12800R. Za nyumbani zina U. Herufi moja tu, na fedha ya mtu imekwenda. Wa tatu ni bareti zisizo na jina lolote la kiwanda, zilizobandikwa karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani. Mwenye kuziuza aweza kuwa mtu mwaminifu aliyedanganywa na mwingine. Hata hivyo hatuzinunui.

Bareti iliyokwisha kutumika yafaa? Yafaa, na hata twaipendelea kwa mashine ya umri ule. Haina kitu kinachozunguka wala kinacholika kama tairi. Iliyo nzima leo, baada ya miaka kumi ya kazi, yaweza kuendelea miaka mingine. Sharti moja tu: iwekwe katika mashine dukani, mashine iwashwe, na gigabaiti zihesabiwe mbele ya mnunuzi. Tena muuzaji aandike katika karatasi kwamba ataipokea ikirudi baada ya siku kadhaa. Asiyetaka kuandika, tusigombane naye. Maduka ni mengi.

Juu ya bei hatuandiki tarakimu, kwa sababu hazikai. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana ulimwenguni kote. Viwanda vikubwa vya kazi hii ni vichache: Samsung na SK Hynix vya Korea ya Kusini, na Micron cha Marekani. Vilielekeza nguvu zao kwa wenye mashine kubwa za akili mnemba, wanaonunua kwa wingi usiopimika. Mwezi wa Desemba mwaka ule Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watu wa kawaida bareti zenye jina la Crucial, zilizojulikana sana. Kwa hiyo bei aliyotaja jirani miaka miwili iliyopita isichukuliwe kuwa sheria. Baba apite maduka matatu kwa siku moja, aandike, arudi nyumbani, ashauriane na mkewe, kisha ndipo anunue.

Kazi yenyewe ya kupachika si ngumu. Mji wetu una vijana wengi waliofunzwa ufundi. Masalesiani wa Don Bosco walifika hapa mwaka 1911, na tangu hapo maelfu ya mikono imejifunza kushika bisibisi. Lakini hata mzazi asiyefundishwa aweza, akiwa na subira na taa nzuri. Sisi twapenda ifanywe nyumbani, mezani, watoto wakitazama, na binti mwenyewe akishika bareti. Kazi ni yake. Na afahamu kilichomo.

Azime mashine, achomoe waya wa umeme ukutani, kisha abonyeze kibonye cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, ili umeme uliobaki ndani uishe. Alaze sanduku kwa ubavu, afungue mlango wake. Hapo mara nyingi atakutana na vumbi letu jekundu la Katanga limejaa katika feni kama manyoya. Alitoe kwa brashi laini, huku akiishika feni kwa kidole isizunguke. Twathubutu kusema kwamba mashine kadhaa zilizohukumiwa kufa katika mji huu zilikuwa na vumbi tu.

Sasa neno ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa haraka, na kwetu lataka kukaziwa. Katika kiangazi, hasa mwezi wa sita na wa saba, hewa ya Lubumbashi ni kavu na asubuhi zina baridi. Watu huvaa sweta za nyuzi za kiwandani na kujifunika blanketi za namna hiyo. Mtu akivua sweta gizani husikia ikitatarika na huona vicheche vidogo. Huo ni umeme wa msuguano. Kidole chako hakiusikii mpaka ufikie kama volti 3,000. Lakini kipande cha kumbukumbu chaweza kuumizwa na umeme mdogo kuliko huo sana, nawe usihisi chochote. Bareti itaonekana nzima, kisha baada ya wiki mashine itaanza kuzimika ovyo. Basi, sweta ivuliwe kabla. Asimame sakafuni pasipo zulia. Aguse kwanza chuma tupu cha sanduku, na akiguse tena kila mara kabla ya kushika bareti. Bareti ishikwe kwa kingo zake, meno yasiguswe. Wakati wa masika hatari hupungua, kwa kuwa hewa ina maji, lakini desturi ni ile ile.

Kando ya mfereji mna vishikizo viwili, au kimoja. Vifunguliwe kwa nje. Pengo la bareti lilinganishwe na kipande cha mfereji kinachojitokeza. Lisipolingana, ama bareti imegeuzwa, ama si ya aina yake, na hapo nguvu isitumike hata kidogo. Likilingana, aikandamize kwa vidole gumba viwili, pande zote mbili kwa nguvu sawa, mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio mdogo. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kidogo kuliko watu wanavyodhani, na wengi huiacha bareti imeingia nusu. Kama mifereji ni minne, mara nyingi imepakwa rangi mbili: bareti mbili zilizo sawa ziwekwe katika rangi moja, kwani hapo mashine huzisoma zote mbili kwa pamoja, kama mtu abebaye ndoo mbili badala ya moja. Bareti zisizo sawa kwa kasi zitafanya kazi pamoja mara nyingi, ila zote zitafuata mwendo wa ile ya polepole.

Mashine ikiwashwa na kioo kikabaki cheusi, au ikalia milio mifupi, mtu asiogope. Karibu kila mara bareti haikuingia vizuri. Aizime, achomoe waya, aitoe, airudishe. Ikiwa meno ya ile ya zamani yameingia weusi, ayapanguse kwa kitambaa safi kilichotiwa pombe kali ya duka la dawa, aache yakauke. Mafundi wengi hutumia kifutio cha mtoto wa shule. Chafaa kwa mkono mwepesi, lakini dhahabu iliyo pale ni nyembamba sana, na mwenye kusugua kama anayeosha sufuria ataiondoa.

Baada ya hayo, kipimo cha mwisho. Katika Windows mna programu iitwayo Diagnostic de mémoire. Ikiitwa, mashine hujiwasha upya na kujaribu kumbukumbu yote. Yaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ifanywe katika saa ambazo mtaani kwenu umeme hutulia, maana ukikatika katikati itabidi kuanza tena. Ikionyesha kosa hata moja, bareti irudi dukani siku ile ile pamoja na ile karatasi iliyoandikwa.

Lakini tusiahidi makuu. Kama kipimo cha mwanzo kilionyesha kwamba kumbukumbu yatosha na diski ndiyo inayohangaika, fedha iende kwenye diski ya namna mpya isiyo na sahani, iitwayo SSD. Kwa mashine yenye gigabaiti 8 tayari, tofauti inayoletwa na SSD ni kubwa kuliko ya bareti yoyote. Tena, bareti haiongezi miaka ya programu kuu. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wake wa kawaida na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa uchache, na hilo si gumu. Kinachozifungia mlango kompyuta nyingi za zamani ni sharti la kuwa na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichwa cha mashine cha miaka ya karibuni. Wenye mashine hizo wanaweza kuweka Linux, ambayo haiuzwi na huenda vizuri katika gigabaiti 4 au 8. Binti ataandika humo bila shida, ingawa siku za kwanza atalalamika.

Na juu ya ile kazi ya asubuhi nzima iliyopotea: kumbukumbu iwe ndogo au kubwa, umeme ukikatika hufutika. Sehemu ya umeme wetu hutoka Inga, kwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, na katika safari ndefu namna hiyo mengi hutokea. Binti ajizoeze kubonyeza Ctrl na S kila amalizapo aya, na jioni maandishi yote ayanakili katika kifunguo cha USB kisichokaa nyumba moja na kompyuta. Kwa shangazi, kwa mfano, au kwa mwenzake wa Kasapa. Ikipatikana fedha kidogo baadaye, inunuliwe ile betri ambayo wauzaji huiita onduleur. Hata dakika kumi zake zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Bareti iliyotolewa, kama mifereji ilikuwa imejaa, isitupwe wala watoto wasiichezee. Ifungwe katika karatasi ya aluminiamu ile ya jikoni, juu yake iandikwe aina, ukubwa na tarehe ya kutolewa. Huenda kompyuta ya karani wa parokia ni ya umri ule ule. Aulizwe Jumapili, baada ya Misa.